Gunia la Jumamosi

Mitumbwi iliporudi alfajiri, Mektilda alikuwa tayari ndani ya maji mpaka magotini, beseni mkononi. Kijiji chao kiko kando ya Ziwa Nyasa, si mbali na Liuli. Wavuvi huvua usipa usiku kwa taa. Asubuhi wanawake huwanunua wale samaki wadogo, huwasuuza na kuwaanika mchangani. Mektilda, ambaye wengi humwita Mama Tadea kwa jina la binti yake, alikuwa na sehemu yake ya mchanga. Aliifagia vizuri kuliko alivyofagia sebule yake.

"Mama Tadea, leo umewahi!" alisema jirani yake, Edina.

"Nimewahi wapi? Sijalala. Nawaza lile gunia."

Lile gunia! Jamani, lilimnyima raha. Wiki iliyopita alipeleka magunia mawili kwa Ladislaus, mwenye duka la samaki wakavu sokoni Mbinga. Gunia la kwanza lilikuwa safi. La pili lilikuwa na ukungu mpaka katikati. Usipa walewale, ziwa lilelile, mikono ileile. Ladislaus alilirudisha.

"Hii ni mara ya tatu, Mama Tadea," alimwambia. "Wateja wanaumwa matumbo, ninayetukanwa ni mimi. Ukileta ukungu tena, nitatafuta mtu mwingine."

Duka lile ndilo lililomsomesha Tadea sekondari. Mektilda hakuwa na mnunuzi mwingine. Aliogopa, tena sana. Lakini pamoja na hofu, kuna swali lilimkereketa: kwa nini gunia moja lipone na jingine lioze?

Edina alikuwa na jibu. "Kuna mtu ana kijicho nawe."

"Kijicho gani hicho kinachochagua magunia?" Mektilda aliuliza.

Mchana wa siku hiyo mtendaji wa kijiji alileta wageni. Walikuwa wanafunzi watatu wa chuo kikuu. Chuo chao huwachanganya wanafunzi wa masomo mbalimbali katika kundi moja, kisha huwapa tatizo la kweli walitatue pamoja. Kundi hili lilipewa tatizo la samaki wanaoharibika baada ya kuvuliwa. Praygod alisomea uhandisi. Recho alisomea sayansi ya chakula. Aidan, kijana wa milimani kule Mbuji, alisomea maendeleo ya jamii.

"Shikamoo, mama," walisema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja kufundisha au kuuliza?"

"Kuuliza," alijibu Recho.

"Basi mmefika penyewe. Mimi nina swali la kuwatosha wote watatu."

Akawaonyesha gunia bovu. Praygod aliutazama mchanga, akapiga makofi.

"Tatizo ni hili hapa! Samaki analala kwenye mchanga wenye unyevu. Juu anakauka, chini hakauki. Tujenge kichanja."

"Si mchanga peke yake," Recho alimkatiza. "Mama, unajuaje kwamba wamekauka?"

"Kwa macho."

"Macho hayaoni unyevu wa ndani."

Wakaanza kubishana, kila mmoja akivutia kwake. Aidan alikaa na Edina, akamsaidia kumenya mihogo huku akimsikiliza habari za kijiji.

"Na huyu anasomea kumenya mihogo?" Praygod alitania. Watu walicheka, Aidan naye akacheka, akachukua muhogo mwingine.

Kwa siku mbili walijenga kichanja cha mianzi, urefu wake mpaka kiunoni. Juu yake walitandaza nyavu chakavu za wavuvi. "Kwetu kahawa tunaianika hivihivi," alisema Aidan. Recho naye alimfundisha Mektilda kupima. "Mvunje samaki mmoja. Akipinda, bado. Akikatika kwa mlio, amekauka. Halafu waache wapoe kivulini kabla ya kuwafunga guniani."

Mektilda alifurahi. Usipa walikauka haraka, hawakuwa na hata punje ya mchanga. Alijaza magunia mawili. Siku kumi zilipopita, ikiwa Jumamosi mchana, aliyafungua ayakague kabla ya safari ya Mbinga. La kwanza lilikuwa safi. Akatia mkono katika la pili, akautoa na ukungu.

Alikaa chini palepale. Alijitahidi asilie mbele ya wageni, akashindwa.

"Kichanja chako hakina paa!" Recho alimwambia Praygod.

"Na kipimo chako je? Mbona hakikuona kitu?"

"Ngojeni kwanza," alisema Aidan. Alichuchumaa mbele ya Mektilda. "Mama, gunia hili zuri lina usipa wa siku zipi?"

Mektilda alijifuta macho, akahesabu kwa vidole. "Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Na hili bovu?"

"Ijumaa na Jumamosi."

"Na yale matatu aliyoyarudisha Ladislaus?"

Mektilda alianza kukumbuka. La kwanza alilijaza kuelekea Jumapili ya ubatizo wa mtoto wa Edina. La pili alilifunga baada ya Jumapili ya Matawi. Na la tatu...

"Yote yana usipa wa Jumamosi," alisema polepole. "Haiwezekani! Jumamosi ina nini?"

"Hilo ndilo nami nataka kulijua. Jumamosi jioni unafanya nini?"

"Kama siku zote. Walio wabichi bado nawakusanya guniani, umande usiwapate. Asubuhi nawaanika tena."

"Asubuhi ya Jumapili?"

"Jumapili naenda misani, mwanangu! Hapa kwetu hakuna anayeanika Jumapili. Ukiwaacha nje bila mlinzi, kunguru na mbuzi watafanya karamu. Wanakaa guniani mpaka Jumatatu."

Praygod na Recho walitazamana. Walikuwa wamekaa pale siku zote hizo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza habari za Jumapili.

Jioni ile Mektilda alikusanya usipa wa siku hiyo kama kawaida, makusudi, ili waone. Kesho yake yeye na wanafunzi walienda misani. Padri aliposema nendeni na amani, Mektilda alikuwa wa kwanza mlangoni. Hakubadilisha hata nguo za kanisani. Aliingia chumbani, akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Mama yangu! Ni joto! Njooni mguse, ni kama ugali uliofunikwa!"

Wakagusa mmoja mmoja. Recho alitabasamu, kisha akakumbuka kwamba si jambo la kufurahia.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Samaki wabichi wakisongamana guniani, unyevu wao hauna pa kutokea. Wanapata joto, na ukungu hupenda joto na unyevu. Jumatatu unawaanika, wanakauka. Hata kipimo changu kinasema wamekauka. Kumbe ukungu ulishaingia jana yake."

"Na wale wenye ukungu nilikuwa nawasuuza," alisema Mektilda. "Nawaanika tena, tunakula nyumbani. Niliona dhambi kutupa chakula."

"Usirudie, mama. Ukungu mwingine una sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha, wala kwa jua, wala kwa kupika. Wafukie. Hata kuku usiwape."

"Nimewalisha wanangu sumu?"

Edina, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia akamshika bega. "Sote tumelisha, jirani. Nani alijua? Tusilie sasa, tuulize tunafanyaje."

Hapo ndipo lile kundi lilipokuwa kundi kweli. Recho alisema wasiokauka wasiingie guniani hata kidogo. Praygod alisema basi walale palepale kichanjani: juu yao wavu wa kuzuia kunguru, na usiku turubai lililoinuliwa kwa miti, hewa ipite na umande usiwaguse. Pembeni wigo wa miiba wa kuzuia mbuzi. Asubuhi turubai linafunuliwa, jua linafanya kazi.

"Jumapili nifunue turubai?" Mektilda alikunja uso. "Hiyo ni kazi."

"Ni kazi kama kufunua sufuria," alisema Edina. "Jumapili huli?"

Walicheka mpaka Mektilda naye akacheka.

"Bado mlinzi," alisema Aidan. "Wavu unaweza kupeperushwa. Ninyi nyote mnakuwa kanisani saa zilezile?"

"Hapana," alijibu Edina. "Sisi Waanglikana ibada yetu ni saa moja. Wao Wakatoliki misa yao ni saa nne."

Akamtazama Mektilda. Mektilda naye akamtazama. Miaka yote hiyo walikuwa wamepishana njiani kila Jumapili, huyu akirudi, yule akienda, kila mmoja ameacha gunia linachemka nyumbani.

"Nitakulindia wako ukiwa ibadani," alisema Mektilda.

"Nami wako ukiwa misani."

Praygod alimgeukia Aidan. "Kaka, na mimi nifundishe kumenya mihogo."

Baada ya wiki tatu Mektilda alipanda gari kwenda Mbinga na magunia mawili. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Alijua anachokipeleka, lakini kujua ni jambo moja na uso wa Ladislaus ni jambo jingine.

Ladislaus alifungua gunia la kwanza, akaridhika. Akafungua la pili. Alizamisha mkono mpaka chini, kwa kuwa wafanyabiashara hawaamini samaki wa juu. Akatoa usipa mmoja, akamnusa, akamvunja. Akakatika kwa mlio. Akatoa mwingine, na mwingine tena.

"Mama Tadea, hawa umewafanyaje?"

"Mimi na jirani yangu sasa tunawaanika kama inavyotakiwa. Hilo gunia unaloshika ni la Jumamosi."

Ladislaus hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kwa kukubali. "Wiki ijayo niletee manne. Na huyo jirani yako, kama wake ni kama hawa, aje naye."

Mektilda alisikia furaha mpaka miguuni. Angeweza kuaga akaondoka. Badala yake alisimama, akatazama kona ya duka. Magunia yalikuwa yamelala juu ya saruji, yameegemea ukuta. Akainama, akagusa chini ya gunia moja. Palikuwa na unyevu.

"Ladislaus, ndugu yangu," alisema, "haya yamekaa hapa sakafuni tangu lini?"

Ladislaus naye aliinama, akapagusa. Kisha akavua koti, akamwita mwenzake wa duka la jirani amsaidie kuleta mbao za kuyainulia.