Nta Chini ya Boneti

Fundi umeme alilala chali kwenye sakafu ya gereji yake, macho yamefumbwa, mikono imekunjwa kifuani kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo akiwa hai. Juu ya mikono hiyo paliwekwa kisanduku cha bati, ukubwa wa kitabu, kitupu kama kabati la bweni siku ya kufunga shule.

Inspekta alichuchumaa. Magoti yake yalilalamika kwanza, ndipo yakatii.

"Kapigwa mara moja, nyuma ya sikio," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Jana jioni, kabla giza halijaingia. Silaha ni spana ile ya magurudumu."

"Alama za vidole?"

"Imefutwa. Tena imefutwa vizuri, kama chombo cha hospitali."

Koplo, mwanamke kijana ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo, alikuwa ameinamia gari jekundu katikati ya gereji. Lilikuwa gari la chini, la zamani, la aina ambayo watu husimama kulitazama likipita. Boneti ilikuwa wazi. Pembeni ya injini waya zilining'inia pale kitu kilipochomolewa.

"Mwizi, afande. Kachukua kompyuta ya gari."

"Simu ya marehemu ipo?"

"Ipo."

"Vifaa vyake?"

"Vimejaa tele."

Inspekta alikiinua kile kisanduku kwa glavu. Ndani ya kifuniko mtu alikuwa amechora kwa msumari ndege mdogo, mbawa wazi, mkia kama uma.

"Mwizi huchukua, Koplo. Huyu karudisha kitu."

Alipotazama zaidi alikuta jiko dogo la umeme mezani, na juu yake sufuria yenye nta ya njano iliyoganda. Gereji nzima ilinuka oili, ila kona ile ilinuka asali.

Kituoni, mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuimaliza kesi, kama kawaida yake, kabla ya chai ya asubuhi. Mlinzi wa gereji alikutwa akikimbia barabarani, viatu vina damu. Nini tena?

Mlinzi aliletwa chumba cha mahojiano.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Getini, afande."

"Nani aliingia?"

"Hakuingia mtu."

"Basi umeua wewe."

"Afande! Mimi?"

"Getini ulikuwepo, hakuingia mtu, na ndani kuna maiti. Nani kabaki?"

Mlinzi alitazama ukuta, akatazama dari, akatafuta msaada kwa Koplo, akaukosa.

"Nilikwenda kuangalia mpira," alisema mwishowe. "Bosi angejua angenifukuza. Nilirudi giza limeshaingia, taa za gereji zimezimwa, nikajua fundi kaenda zake. Asubuhi nikafungua mlango. Nikamwona. Nikamtikisa. Nikakimbia kutafuta watu."

"Na mpira?"

"Tulifungwa."

"Sasa mmefungwa wote, wewe na timu yako," alisema Koplo.

Hakuna aliyecheka, na Koplo mwenyewe alijuta. Maana nje, kwenye benchi la korido, alikuwa ameketi mama yake mlinzi. Alikuwa amevua ndala zake na kuzipakata, asije akachafua sakafu ya serikali.

"Kesho asubuhi namfikisha mahakamani," mkuu wa kituo alimwambia Inspekta. "Nina damu, nina uongo, nina mtu. Ukiniletea mwingine kabla ya jioni, sawa. Usipoleta, kosa la kuua halina dhamana, na kesi hizi unazijua. Kijana ataingia na ndevu mbili, atatoka na mvi."

Inspekta alipita mbele ya benchi akielekea nje. Yule mama hakumwuliza kitu. Alisogeza miguu tu ili asimzuie njia. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Mwenye gari jekundu alikuwa daktari wa meno. Inspekta alimkuta na mgonjwa aliyefungua kinywa; daktari akamwacha hivyo hivyo.

"Majirani wanasema wiki iliyopita ulimpigia fundi kelele," Inspekta alianza.

"Kila mteja alimpigia kelele. Fundi yule alikuwa na kesho nyingi kuliko kalenda."

"Kuna mtu kang'oa kompyuta ya gari lako."

Daktari alishtuka, kisha akatulia. "Yangu? Hapana. Yangu iko kwenye rafu, ndani ya shuka jeupe. Mimi nilipeleka breki. Akaniomba ruhusa aijaribishe kwangu kompyuta ya mteja mwingine."

"Kwa nini kwako?"

"Angejaribishia wapi? Magari haya yalitengenezwa machache, kiwanda chenyewe kikafungwa. Kompyuta ikifa, hata uwe tajiri vipi, hakuna duka. Fundi alikuwa anaifungua, anachukua vipande vilivyo hai, anaongezea vya mashine mbovu za kufulia, anavipanga upya kwenye kisanduku kingine. Cha zamani kinakuwa kimeliwa na kutu. Halafu lazima aione ikifanya kazi kwenye gari zima kabla hajampelekea mwenyewe."

Mgonjwa kitini alitoa sauti. "Subiri, bwana," daktari alimwambia. "Jino halikimbii."

"Na nta?" Inspekta aliuliza.

"Ya majaribio. Vile vipande havitaki unyevu wala mtikisiko, lazima vifunikwe. Kiwandani walimwagia gundi nyeusi, ngumu kama jiwe. Yeye alianza na nta ya nyuki, ili ikikorofisha aifungue tena. Ikithibiti, ndipo anaweka gundi. Lakini nta haitaki joto. Unawasha kidogo, unazima."

"Mwenye hiyo kompyuta alijua haya?"

"Sidhani. Fundi alikuwa na mwiko wake: mteja haoni kazi ikiwa vipande. Alisema ukimwonyesha mtu gari lake limepasuliwa, utamzika." Daktari alitazama koleo mkononi mwake. "Mimi pia siwaonyeshi jino likiwa nusu."

"Magari ya aina hii yako mangapi hapa mjini?"

"Langu, na la kijana mmoja mchora ramani za nyumba. Kijana alikufa. Gari liko kwa mama yake, nesi mstaafu."

Inspekta alikumbuka macho yaliyofumbwa. Alikumbuka mikono iliyokunjwa. Alitamani asingekumbuka.

Nyumba ya nesi, alipofika na Koplo, ilikuwa na geti la bluu. Juu ya kibao cha namba palichorwa ndege mdogo, mbawa wazi, mkia kama uma.

"Hodi!"

"Karibuni, wanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Piteni. Kiti hicho mguu wake mbovu, kaa huku."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele zimesukwa kwa uangalifu. Ukutani kijana alicheka ndani ya fremu, ameegemea gari la kijani, mfano mmoja na lile jekundu. Gari lenyewe lilionekana dirishani, uani, limefunikwa turubai.

"Mama, unamfahamu fundi umeme?"

"Namfahamu. Ana kompyuta yetu tangu mvua zilizopita."

"Ameuawa."

"Nimesikia." Hakupepesa macho. "Mungu amrehemu."

"Gari lenu linawaka?"

"Litawakaje bila kompyuta?"

"Tunaweza kuliona?"

Walitoka. Koplo alishika ncha ya turubai, akanusa hewa kama mbwa aliyeitiwa chakula.

"Mama, unafuga nyuki?"

"Nyuki? La."

"Basi hawa sisimizi wanasherehekea nini?"

Msururu mweusi ulitoka ukutani ukaingia chini ya gari. Inspekta alipiga magoti, safari hii bila kujali kilio chake. Kwenye saruji, chini kabisa ya injini, palikuwa na matone ya njano yaliyoganda, moja juu ya jingine, kama mshumaa uliolia peke yake.

"Mshumaa," mama alisema haraka. "Umeme ulikatika."

"Chini ya gari, mama?"

Inspekta alijifuta mikono. Hakupenda alichokuwa anakwenda kusema, akakisema.

"Mlinzi wa gereji yuko mahabusu. Kesho anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua."

"Mlinzi?" Kwa mara ya kwanza uso wake ulivunjika. "Mlinzi kafanya nini? Hakuwepo hata getini!"

Koplo alifungua mdomo, akaufunga. Haijawahi kutokea.

"Ana mama?" aliuliza nesi.

"Anaye. Yuko kituoni tangu asubuhi. Kavua ndala asichafue sakafu."

Nesi alishika ukingo wa gari, akajishusha polepole mpaka akaketi kwenye jiwe la kufulia.

"Basi," alisema. "Basi, mwacheni mtoto wa watu. Ni mimi."

"Mama, una haki ya kukaa kimya. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Nimekaa kimya vya kutosha. Andika, binti."

Koplo alitoa kalamu.

"Kila Jumamosi mwanangu alikuwa analiwasha hili gari, analifuta, analisikiliza. Alipokufa nikaendelea kuliwasha. Nakaa kiti cha abiria. Cha dereva sikai, ni chake. Likinguruma, nusu saa hiyo siko peke yangu. Hayo tu. Watu wana makaburi, mimi nina mngurumo. Likafa. Fundi akachukua kompyuta, akasema kesho. Nikienda, kesho. Nikienda, kesho."

"Jana?"

"Jana nilikuta geti wazi. Kisanduku cha mwanangu kiko mezani, na ndege wake, kimetolewa utumbo wote. Hakuna kitu ndani, hata waya. Na gari jekundu la tajiri linanguruma. Sauti ile ile! Nikamwuliza, ya mwanangu iko wapi? Akazima gari, akacheka. 'Mama, nenda nyumbani,' akasema, 'kesho.' Akageuka kuichomoa kompyuta ya tajiri, anapiga mluzi."

"Ukachukua spana."

"Ilikuwa pale. Nimeishi wodini miaka yangu yote, afande. Najua mahali pa mtu palipo laini kama ninavyojua pa kuchoma sindano. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Ukamfumba macho."

"Mazoea. Nikampa kisanduku chake kitupu alale nacho. Nikazima taa. Nikachukua ile nzima, nikaifunga hapa. Najua kufunga; nilikuwa namshikia mwanangu tochi."

"Likawaka."

"Likawaka!" Macho yake yaling'aa, na ilikuwa vibaya kuyatazama. "Nikakaa. Nikasema nusu saa. Nikasinzia. Nilipoamka palikuwa kimya, na moshi mdogo."

Koplo aliinua boneti. Kompyuta ilikuwa wazi chini, nta yote imekimbia, vipande vyake vyeusi vimeungua na kukunjamana. Hapakubaki cha kufufua, na aliyejua kufufua alikuwa ndani ya jokofu la hospitali.

Nesi alimtazama Inspekta. "Mbona unaniangalia hivyo? Nimekwisha kusema."

Inspekta alifikiri kunyamaza. Lakini daktari wa meno angeusema ukweli kizimbani, mbele ya watu. Afadhali usemwe hapa, mbele ya sisimizi.

"Mama, gari jekundu lilikuwa na kompyuta yake. Iko kwenye rafu, ndani ya shuka. Ile uliyoichukua ilikuwa ya mwanao."

"Ya mwanangu ilikuwa tupu."

"Kisanduku kilikuwa na kutu. Alihamisha vilivyomo kwenye kingine. Alikuwa anaijaribu kwa daktari kwa sababu lako halitembei, lisingefika gereji. Ile nta ilikuwa ya majaribio tu."

Sisimizi walipita juu ya kidole cha mguu wa nesi, hakuwaondoa.

"Kwa nini hakusema?"

"Hakuwa na desturi ya kuonyesha kazi kabla haijakamilika."

"Alicheka, afande. Alinicheka."

"Nadhani alikuwa amefurahi, mama. Ilikuwa imewaka."

Hakulia. Alinyanyuka, akalivuta turubai, akalifunika gari vizuri, akapachika ncha zake chini ya magurudumu kama mtu anayechomeka chandarua. Kisha akanyoosha mikono. Inspekta alisema pingu hazihitajiki.

Kituoni mama wa mlinzi alikuwa bado benchini, ndala mapajani. Nesi aliambiwa aketi hapo wakati mkuu wa kituo akitafuta ufunguo wa mahabusu, ambao, kwa heshima zote za ofisi, ulikuwa mfukoni mwake.

Yule mama alijisogeza kumpa nafasi. Alimtazama nesi, uso kwa uso, akaona alichokiona.

"Pole, mwenzangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Na wewe wako yumo humu?"

Nesi aliinama, akavua viatu vyake, akavipakata.

"Hapana," alisema. "Wa kwangu hayumo. Wako anatoka sasa hivi."