Masizi Kwenye Kitambaa Cheupe

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya kwanza katika gereji ya Mama ni kufagia, ya pili ni kuchemsha chai, na ya tatu ni kumsikiliza Mama akizigombeza nozeli za kupulizia dizeli kana kwamba ni wanawe watukutu. Nilikulia katika kelele hizo. Kwa hiyo niliporudi kutoka shule ya bweni na sanduku langu la bati, pamoja na maneno makubwa niliyoyaokota kwenye midahalo, nilitarajia kurejeshewa cheo changu kwa heshima zote.

Cheo changu kilikuwa kushika kitambaa. Mama ni fundi wa injini za dizeli. Akimaliza kutengeneza gari, hufunga kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi, dereva hukanyaga mafuta mara tatu, kisha kitambaa hufunguliwa na kusomwa. Doa likiwa la kijivu hafifu, gari limepona. Likiwa jeusi, gari bado mgonjwa. Na Mama ana kanuni moja: kitambaa hakirudiwi siku hiyo hiyo. Husema kwamba anayerudia kipimo anatafuta jibu analolitaka.

Nilikuta kitambaa kimeshikwa na mdogo wangu wa miaka kumi, ambaye sasa mtaa mzima ulimwita Pua. Nikiwa bweni iligundulika kwamba akinusa chupa ya dizeli anajua kama imechanganywa na mafuta ya taa. Madereva walimsalimia yeye kabla ya Mama. Mimi waliniuliza tu kama maharage ya bweni bado yana wadudu.

Wakati nao ulimpendelea. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya. Gari linalotoa moshi kupita kiwango lisionekane barabarani. Dizeli iuzwe safi, na atakayeichanganya, pampu yake ifungwe kwa lakiri. Fundi akigundua mafuta mabaya akanyamaza, naye ana kosa. Mama aliisikiliza habari hiyo redioni huku akitabasamu peke yake.

"Miaka ishirini navuta moshi wa watu," alisema. "Sasa wenyewe watautafutia dawa."

Gari letu la kwanza kuandaliwa kwa ukaguzi lilikuwa basi la shule ya Pua. Lilikuwa basi maarufu: watoto wa viti vya nyuma walishuka wakikohoa kama wazee. Mama alilishughulikia wiki nzima. Siku moja kabla ya ukaguzi, dereva alijaza mafuta kwa Mama Pampu, jirani yetu mwenye kituo cha pampu moja. Pua akanusa, akafumba macho, akanusa tena, akatangaza kwamba ni safi. Mama akamshika bega.

"Huyu ndiye atakayerithi gereji," akasema.

Wivu hauji na tarumbeta. Mimi ulinikuta jikoni nikiwa nimeshika sufuria iliyoungua, nikaona masizi yake kwa jicho jipya. Wenzangu walipokuwa wanakula, niliyakwangua, nikayachanganya na mafuta kidogo ya kupikia, nikayapaka ndani ya bomba la moshi la basi. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao, laiti ningeutumia kwenye hesabu, walimu wangu wangelia kwa furaha. Mpango ulikuwa mfupi: Pua aaibike, kitambaa kirudi kwangu, taifa lisonge mbele.

Baada ya chakula dereva akakanyaga mafuta mara tatu. Kitambaa kikatoka cheusi tii.

Mama alikigeuza kitambaa huku na huku. Kisha akasema kwamba injini hiyo ameifungua na kuifunga kwa mikono yake, na nozeli amezipima moja moja. Kama si injini, basi ni mafuta.

Hapo ndipo nilipoona shimo katika mpango wangu. Katika hesabu zangu zote, Mama Pampu sikuwa nimemtia.

Aliitwa, akaja na funguo za kituo mkononi. Yeye na Mama wameombana chumvi tangu usichana wao, na pampu ile moja ndiyo inayowasomesha wajukuu zake wanne. Mama alimwonyesha kitambaa bila kuinua macho, akachukua karatasi aandike taarifa kwa mkaguzi.

Pua akaomba kitambaa. Akakinusa. Kisha akageuka, akanitazama mimi, na nikajua kwamba anajua.

"Mama, labda pua yangu imekosea," akasema polepole. "Labda nina mafua."

Hakuwa na mafua. Mama akakichukua kitambaa, akanipa mimi, akasema tangu leo nikishike mimi. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na mikono yangu ilitamani kukitupa.

"Andika, mwenzangu," Mama Pampu akamwambia Mama. "Sheria hii hata mimi niliishangilia. Siwezi kuipenda inapowafungia wengine tu. Ila mafuta yangu sijayachanganya na kitu."

Akaziweka funguo za kituo juu ya karatasi ya Mama.

"Masizi ni ya sufuria," nikasema. "Nimeyapaka mimi."

Mama akaweka kalamu chini, akauliza kwa nini. Nilitafuta maneno yangu makubwa ya midahalo, hakuna hata moja lililojitokeza.

"Kila mtu anamwita yeye," nikasema.

Mama Pampu alizichukua funguo zake, akaketi juu ya tairi kuukuu. Nilimwomba msamaha, halafu Pua. Pua alisema alijua mara moja, kwa sababu masizi ya sufuria hunuka chakula, ila alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Kutendewa ustaarabu na mtoto wa miaka kumi ni adhabu ambayo hata bweni hawajaibuni.

Adhabu ya pili ilitoka kwa Mama. Nilisugua bomba lile kwa tambara na waya mpaka magoti yakafa ganzi, dereva akitoa ushauri nisiouomba. Kisha Mama akafunga kitambaa kipya, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akirudia kipimo. Kilitoka na doa la kijivu hafifu. Kesho yake basi lilipita ukaguzi.

Jioni hiyo Mama aliniita benchini.

"Kupendwa kwa mdogo wako hakukupunguzii chochote," akasema. "Ungekuja kuniambia unaumia, ningekusikiliza. Lakini sikiliza na hili. Wabunge wamekaa miezi wakiandika sheria ile, watoto wavute hewa safi. Sheria haina macho, mwanangu. Inaona kwa kitambaa tunachoishikia. Jana uliipaka masizi machoni, na kidogo tu impige asiye na kosa."

Kisha akanipa ndoo na sabuni, akanionyesha rundo la vitambaa vya wiki nzima. Pua alikuwa ameshaanza kufua. Akasogea kidogo, nami nikachuchumaa kando yake.