Hakumuuliza Mwenyewe

Ukumbi wa maonyesho ya biashara ulikuwa umefurika watu. Vipaza sauti vilishindana kutangaza sabuni, magodoro na majiko ya gesi, na harufu ya rangi mbichi ya vibanda ilichanganyika na manukato ya watu waliovaa vizuri kwa ajili ya kupigwa picha. Katika kibanda cha kona, chini ya bango la saraka ya biashara ya mtandaoni, msichana mwenye gauni la kijani lililomkaa barabara alikuwa akieleza jambo lilelile tangu asubuhi, mpaka sauti ikaanza kumkauka. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa saraka hiyo, orodha ya biashara na mahali zilipo.

Mara kiti kikatua mbele yake. Kilikuwa kimevishwa kitambaa cha rangi ya zabibu, mishono imenyooka kama mstari wa rula. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kipande cha uzi mwekundu kimemganda begani bila mwenyewe kujua.

"Samahani, dada. Mimi ni fundi wa makochi. Wateja wanasema wamenitafuta mtandaoni hawakuniona. Jana nikaandika jina la karakana yangu. Sikujiona."

"Umejitafuta ukajikosa?" Mhariri alishindwa kujizuia, akacheka. "Pole, kaka. Na hicho kiti?"

"Ushahidi kwamba nipo."

Alimkaribisha akae, naye akakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Mhariri akamweleza kwamba mitambo ya kutafutia mambo mtandaoni ina programu ambazo wenyewe huziita buibui. Zinatembea kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, zinanakili maneno na kuyapeleka ghalani.

"Ukiuliza kitu, mtambo hauendi kukitafuta duniani," alisema. "Unachungulia ghala lake tu. Kama huna ukurasa, ghalani hutakuwamo. Na kama ukurasa ni wa zamani, utaletewa uzee wake huohuo."

"Na ninyi?"

"Sisi ni watu. Mtu akisema ana karakana, naenda mwenyewe, naiona kwa macho yangu, ndipo naiandika. Tuko taratibu, lakini hatudanganywi."

"Kwa hiyo utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi nitafagia," Fundi alisema, na macho yake yakachelewa kuondoka usoni kwa Mhariri.

Mhariri alikwenda. Karakana ilikuwa imefagiwa kweli, mpaka chini ya cherehani. Akaiandika kwenye saraka jioni ileile, na haikupita wiki akarudi, safari hii bila kisingizio chochote cha kazi. Wateja wakaanza kumiminika. Fundi akawa anamwita "Mhariri wangu", naye anamwita "Fundi", lakini kwa sauti ambayo hata wenzake ofisini waliijua ikilia upande wa pili wa ukuta.

Siku moja simu ya Mhariri iliisha chaji ikazima. Alipoiwasha tu, ikaita.

"Nimekutafuta mpaka nimechoka," Fundi alilalamika. "Unikumbushe, aina ya tatu ya mitambo ni ipi? Ile isiyo na buibui wake?"

"Ile inayokwenda kuuliza mitambo mingine halafu inakuletea majibu ya wote."

"Ndiyo mimi leo. Nimemuuliza rafiki yako, nimemuuliza mlinzi wenu, nimemuuliza mama yako..."

"Umempigia mama!"

"Amenisalimia vizuri sana. Ameniuliza nakuja lini nyumbani."

"Wewe mtu utaniua!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi naye alicheka, kisha akatulia. "Nitakuja, kipenzi. Ila kabla sijaja kuna jambo langu nataka ulijue. Nipe muda kidogo."

Laiti Mhariri angempa. Lakini shangazi yake alipopata habari, alimuuliza swali moja tu: "Huyo kijana umemchunguza?" Swali likamwingia kama mwiba. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, wenzake wametoka, Mhariri aliandika jina kamili la Fundi kwenye mtambo wa kutafuta.

Ilikuja picha. Fundi amevaa suti ya kijivu, mwanamke mwenye gauni la rangi ya pichi amemwegemea kifuani, wote wawili wamekufa kwa kicheko. Chini yake, ukumbi mmoja wa sherehe ulikuwa umeandika: Karibuni kwenye harusi yao.

Akajaribu ule mtambo unaouliza mitambo mingine. Majibu yakaja manne, kila moja likiwa na picha ileile. Akajisemea moyoni kwamba mashahidi wanne hawawezi kukosea. Nani alijua kuliko yeye kwamba wote wanne walikuwa wamechota kwenye kisima kimoja? Ukurasa haukuwa na tarehe. Haukusema kama harusi ilifungwa au la. Mambo hayo alikuwa akiwafundisha watu kila siku, lakini siku ile elimu yote iliishia shingoni, moyoni haikushuka.

Akapiga simu.

"Mkeo hajambo?"

"Nani... nani amekwambia?" Sauti ya Fundi ilikatika, na kwa Mhariri hiyo ikawa ndiyo hukumu.

"Nimeona mwenyewe."

"Njoo karakana, tafadhali. Hilo si jambo la simu."

"Nije nikalie kochi la mume wa mtu?"

"Usiseme hivyo. Niulize tu, mpenzi. Niulize nikujibu..."

Akakata. Akaizuia namba yake. Kisha akafungua saraka, akaitafuta karakana ya makochi, akaifuta. Fundi alikuja ofisini siku ya pili; Mhariri akamwambia mlinzi aseme hayupo, akabaki amejibanza pembeni mwa dirisha, akimtazama anavyoondoka, kichwa amekiinamisha.

Miezi ikapita. Alikonda, mama yake akaacha kumuuliza kijana anakuja lini. Ikafika zamu ya kusafisha saraka, kazi ya kupigia simu biashara za zamani kuhakikisha bado zipo. Katika zile za siku ile kulikuwa na ukumbi wa sherehe. Alipolisoma jina lake, alilitambua: ndilo lililokuwa chini ya ile picha. Akapiga.

Alipokea mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. "Tufute tu, mwanangu. Ukumbi tumeugeuza ghala la saruji. Hata tovuti aliyekuwa akiishughulikia aliondoka na neno la siri."

"Asante, mama." Alitaka kukata, akashindwa. "Kuna picha kwenye tovuti yenu. Kijana wa suti ya kijivu..."

Mama yule akaguna. "Masikini. Harusi ile haikuwapo, mwanangu. Binti aligongwa na gari, akafariki, kadi zimeshagawiwa. Kijana alikuja mwenyewe kutuarifu. Alisimama hapa mlangoni kama mtu asiyejua njia ya kurudi kwao."

Mhariri hakukumbuka jinsi alivyoaga. Alichukua mkoba, akamwambia mkuu wake anaumwa, na wala hakuwa amedanganya.

Mbele ya karakana palikuwa na lori limefunguliwa nyuma. Makochi yalikuwa yamefungwa kwa kamba. Fundi alitoka ndani akiwa na ovaroli ya bluu iliyopauka, mwili umempungua. Alipomwona alisimama, akajifuta mikono taratibu.

"Karibu," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nimejua leo," Mhariri alisema. "Kuhusu yeye."

"Nani amekwambia?"

"Mama wa ukumbini."

Fundi akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Hata leo umemuuliza mtu mwingine."

Machozi yakamshuka Mhariri. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri niweze kulitaja jina lake bila sauti kukatika. Ulipopiga simu, ikakatika."

"Nisamehe. Na kwenye saraka nilikufuta mimi."

"Najua. Wateja walipungua, nikajua. Nilishakusamehe, Mhariri, sikufichi. Lakini siku ile nilipokuja ofisini kwenu, nilikuona dirishani. Nikasema, huyu akitaka kujua habari zangu atauliza dunia nzima ila mimi. Nikaogopa kuishi hivyo."

"Nipe nafasi moja tu. Nitakuuliza wewe. Kila kitu nitakuuliza wewe."

Fundi alimtazama, na kwa kitambo kidogo Mhariri alidhani mkono wake ungenyooka umshike. Haukunyooka.

"Kaka yangu amenipatia chumba cha kazi kule anakoishi. Nimeshamwambia nakuja. Na mimi nataka kwenda."

Mhariri alijifuta machozi. "Basi niruhusu nikusaidie ile picha iondolewe. Najua watu wa kuwaandikia."

Fundi alitikisa kichwa. "Iache," alisema. "Ndiyo picha pekee tuliyopiga tunacheka."

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, cherehani kubwa ya chuma, na dereva alikuwa amekwenda kununua maji. Fundi aliinama upande mmoja, akaangalia kulia na kushoto. Mhariri akaweka mkoba chini, akavua viatu vyake vya ofisini, akashika upande wa pili.

"Nzito hii," Fundi alionya.

"Twende tu."

"Inua kidogo huo mguu wake. Hivyohivyo. Taratibu, utajiumiza."

Walikwenda hatua kwa hatua, uso kwa uso, pumzi zao zikikaribiana, wasiseme lingine lolote isipokuwa inua, shusha, sogea kwangu. Walipoifikisha ndani ya lori, mikono yao ilibaki juu ya chuma muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Kisha dereva akarudi.

"Asante, Mhariri," Fundi alisema.

Akapanda mbele. "Twende," alimwambia dereva kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango asitake kumwamsha aliyelala ndani.