Mkono wa Velma na Miezi Kumi na Miwili

Emojong alikuwa wakala wa forodha pale Malaba. Kazi yake ilikuwa kushughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda. Dereva akichelewesha karatasi, Emojong alimfokea bila huruma.

"Boss, karatasi ina siku zake! Zikiisha, usije kunililia hapa."

Madereva walimcheka, lakini walimsikiliza. Kumbe mganga hajigangi.

Mke wake, Velma, alikuwa fundi wa nguo. Mwaka uliotangulia aliteleza kwenye matope akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Katika hospitali moja ya umma alifungwa plasta. Usiku huohuo vidole vilivimba, vikafa ganzi. Alilia kwamba plasta imekaza. Akaambiwa, "Vumilia, mama. Maumivu ni kawaida." Alivumilia siku tatu. Plasta ilipokatwa, mkono ulikuwa umeshaharibika. Vidole vitatu vilikataa kukunjika, na cherehani ikafunikwa shuka.

Emojong aliumia sana moyoni. Alimwendea mkubwa wa hospitali, akaambiwa, "Tutawaita tukae tuongee." Alimwendea baba yake, Mzee Eriaku, akaambiwa, "Kesi ya mwana wetu haiendi kortini kabla ukoo haujaketi kwenye chungu. Wengi wako mbali. Tungoje Pasaka." Kwa Wateso wa huko, neno zito huzungumzwa watu wakiwa wamezunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake. Basi Emojong akangoja. Angempinga mzee vipi?

Januari tarehe kumi na saba, jirani yao Everline alikuja na kitambaa cha maua. Everline alikuwa msaidizi wa sheria. Aliwasaidia watu wasio na uwezo kujua haki zao.

"Dada Velma, nishonee blauzi."

Velma alitazama chini. "Mkono umekataa, dada yangu."

Akamsimulia yote. Everline aliweka kitambaa mezani.

"Hiyo plasta ulifungwa lini hasa?"

"Februari tarehe kumi na moja, mwaka jana."

"Ngai! Na kesi mmefungua?"

"Bado," Emojong akajibu. "Tunangoja Pasaka, ukoo uketi. Na hospitali ilisema itatuita."

"Baba, wewe ndiye unayewafokea madereva kuhusu siku za karatasi? Sasa nisikilize. Ukiumizwa kwa uzembe katika hospitali ya serikali, sheria inakupa miezi kumi na miwili tu kufungua kesi. Ingekuwa hospitali ya kibinafsi, ungekuwa na miaka mitatu. Kwa kawaida siku zinahesabiwa tangu ulipoumizwa."

"Lakini si tuko kwenye mazungumzo?"

"Mazungumzo hayasimamishi siku. Hata ukipeleka malalamiko kwa baraza la madaktari, siku bado zinakwenda. Ongeeni, lalamikeni, lakini kesi ifunguliwe mapema."

"Na tukichelewa?" Velma akauliza.

"Hospitali itasema umechelewa, na korti inaweza kuitupa kesi bila hata kuuliza kama uliumizwa. Kuna watu huomba korti iwaongezee muda, kwa mfano kama hawakujua jambo muhimu kuhusu madhara yao. Lakini si kila anayeomba hupewa. Wewe umejua tangu siku ya tatu."

Emojong alitazama kalenda ukutani. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Zilibaki siku ishirini na nne. Pasaka ilikuwa mbali huko.

"Mungu wangu! Nimemponza mke wangu kwa mdomo huu unaofokea wenzake."

"Hujamponza bado," Everline akasema. "Kesho nendeni hospitali, ombeni kwa maandishi nakala ya rekodi zake. Ni haki yake. Wekeni picha, risiti na kadi ya kliniki. Andikeni majina ya walioona mkono ukivimba. Mimi nitawapeleka kwa wakili Mulama kule Busia. Yeye huwasaidia watu kama nyinyi."

Jioni Emojong alikwenda kwa baba yake. Alieleza yote.

"Kwa hiyo korti haijui Pasaka yetu?"

"Haijui, baba."

"Basi nenda. Chungu kitawakuta mbele."

Rekodi zilichelewa wiki mbili. Emojong alirudi pale kila asubuhi kabla ya kazi, akisalimia kwa adabu, mpaka akazipata. Tarehe saba Februari, wakili Mulama aliandikisha kesi Busia. Velma alipoona muhuri wa korti kwenye karatasi alilia kwa sauti, na Emojong naye akalia. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Daktari mwingine alieleza jinsi plasta ilivyozuia damu kufika vidoleni. Mwishowe hospitali ilikubali kosa, makubaliano yakaandikwa kortini, na Velma akapata matibabu na fidia. Vidole viwili vilirudi kukunjika. Cha tatu kilibaki kigumu.

Pasaka iliyofuata, Mzee Eriaku aliuita ukoo, na Everline akaalikwa. Mzee aliinuka, akamkabidhi mrija wake mwenyewe.

"Eyalama noi, binti yangu. Asante sana. Mimi niliwaambia wangoje. Kama si wewe, tungeketi hapa leo kulia tu. Chungu hungoja watu. Sheria haikutungoja."

Everline aliupokea mrija kwa mikono miwili. Velma akamwekea kifurushi mapajani. Ndani mlikuwa na blauzi ya maua.

"Samahani, dada, imechelewa," Velma akasema. "Na mshono wa bega umepinda kidogo."

Everline aliivaa palepale, juu ya gauni lake, na hakuivua mpaka alipofika nyumbani.