Nilifuta Ushahidi Uliomtetea Mume Wangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, mkazi wa Igoma, Mwanza. Nina mtoto mmoja, Happy, anayesoma darasa la sita. Mume nilikuwa naye... Naandika haya kwa aibu kubwa, na naomba msinionee huruma kabla hamjasoma mpaka mwisho.

Mume wangu, Masanja, alikuwa akinunua mchele Magu na kuwauzia wateja wa mtaani na wa mbali. Mawasiliano yake mengi yalipita kwenye barua pepe, katika kompyuta moja tuliyokuwa nayo sebuleni. Mchana niliitumia mimi kutengenezea kadi za michango ya harusi. Masanja alikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala. Majirani wakigombana, walimjia yeye awapatanishe.

Siku moja nilifungua barua pepe ili nimtumie mteja kadi yake. Loo! Juu kabisa, pale penye vitufe vya kuandika na kutuma, palikuwa na vibao vipya vitatu. Kimoja cha hali ya hewa, kingine cha kutafutia vitu mtandaoni, na cha tatu... cha tatu kilikuwa na picha za wanawake waliojiachia, na maneno haya: "Wanawake wa karibu nawe wanakusubiri."

Wanamsubiri nani, kama si Masanja?

Jioni nilimuuliza. Akaapa kwamba hata yeye ameviona asubuhi ile na hajui vimetoka wapi. Nilimcheka kwa dharau. Kwani vibao vina miguu?

Kwa desturi yetu nilipaswa kwenda kwanza kwa Mama Kulwa, msimamizi wetu wa ndoa. Sikwenda, maana nilijua atanituliza, na mimi sikutaka kutulizwa! Jumamosi jumuiya iliposali nyumbani kwetu, baada ya sala ya mwisho nikasimama, nikawasha kompyuta na kuwaonyesha wote. Akina mama wakashika vinywa. Wazee wakatazama chini.

Masanja hakupiga kelele. Aliomba jambo moja tu: kompyuta ibaki kama ilivyo, na Jumamosi inayofuata aletwe fundi aikague mbele ya kila mtu.

Laiti ningemsikiliza! Lakini hasira zilikuwa zimenipanda, nikataka kumkomoa zaidi. Masanja alipokwenda Magu, niliibeba kompyuta hadi kwa fundi mmoja pale Mirongo, nikamwomba anitolee majina ya hao wanawake.

Fundi alibonyeza hapa na pale, kisha akaniuliza kama kuna programu ya bure tuliyoipakua karibuni. Nikamwambia ipo, ya kutengenezea kadi. Akasema basi vibao vimeingia pamoja nayo. Nilipokuwa naiweka niliulizwa kama navitaka, nikakubali, navyo vikajibandika kwenye barua pepe. Ni matangazo tu. Hakukuwa na mwanamke yeyote.

Kumbe ni mimi! Nilikumbuka nilivyobonyeza kubali, kubali, kubali, bila kusoma neno, kwa sababu mteja alikuwa ananiharakisha.

"Nivitoe, mama?" fundi aliniuliza.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana, viache hadi Jumamosi. Lakini niliwafikiria wale akina mama. Niliona jinsi watakavyonicheka mtaa mzima, mimi niliyesimama kifua mbele kumuumbua mume wangu. Nikasema, "Toa."

Akaingia sehemu ya viongezeo, akaviondoa kimoja kimoja. Akaifuta na ile programu ya kadi ili visirudi, akafunga barua pepe na kuifungua tena. Ilikuwa safi. Nilirudi nyumbani nikijidanganya kwamba sasa yameisha.

Thubutu! Jumamosi wazee walileta fundi wao, akakagua mbele ya jumuiya nzima, hakukuta kitu. Mzee Lucas, aliyekuwa msaidizi wa Masanja, akamgeukia na kusema, "Mwenyekiti, umefuta mwenyewe, halafu unatuitia fundi?"

Masanja akanitazama. "Mama Happy, wewe ndiye unayeshinda na hii kompyuta. Kuna mtu ameigusa?"

Nikasema sijui. Mbele ya msalaba na mshumaa unaowaka, nikasema sijui!

Walimvua uenyekiti siku ile ile. Wanunuzi wake wa hapa mtaani wakaanza kumkwepa, wakisema mtu anayeficha mambo ya nyumbani atashindwaje kuficha ya biashara. Masanja alikonda mbele ya macho yangu. Mwisho akaniaga kwamba anavuka ziwa kwenda kwa mama yake Sengerema. Nilimkunjia mashati yake nikayapanga kwenye begi, huku nalia. Akadhani nalia kwa sababu ya aibu iliyotupata, akaniomba radhi kwa fedheha... Yeye akaniomba radhi mimi!

Nikawa sipokei komunyo. Usingizi ukanihama. Happy alipoanza kutaniwa shuleni kuhusu baba yake, nilishindwa. Nilimwendea Mama Kulwa nikamweleza yote. Hakunituliza. Alinisimamisha mbele ya jumuiya nikaungama kwa mdomo wangu, kisha akaniambia nimpigie Masanja.

Nilipompigia, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Siku ile unanikunjia mashati, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akakata simu.

Jumuiya ilimwomba radhi na kumtaka arudi kwenye kiti chake. Alikataa. Wasomaji wenzangu, nawaomba sana, msikimbilie kuwaanika wenzi wenu kwa kitu msichokielewa. Na ukigundua kuwa mkosaji ni wewe, sema siku hiyo hiyo, hata ukichekwa. Kicheko kinaisha. Mimi nilikwepa kuchekwa, nikampoteza mtu.

Juzi alikuja kumchukua Happy kwa likizo. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nikamwambia chakula kipo tayari, karibu ukae. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alinijibu kwa upole, kama anavyomjibu jirani yeyote.

"Asante, dada. Nimeshiba."