Kasha Lililopewa Chumba cha Mama

Feni ya nyuma ya kompyuta ilikuwa ikitoa harufu ya udi, na nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyefukiza.

Nasser aliinusa asubuhi akihariri filamu ya harusi, akadhani ni ya jirani. Nyumba za Mkunazini zimebanana, moshi hauombi ruhusa. Lakini kasha la kompyuta lilichemka pia, mashine ikawa inazimika kila mara. Akamwita Ayoub, fundi wa Mpendae.

Kuna jambo hakumwambia. Chumba kile cha chini, chenye kuta nene za mawe, baridi mchana kutwa, kilikuwa cha mama yake, Bi Bahiya. Alimhamishia darini, chini ya bati, ili mashine ipate ubaridi. Mama mwenye magoti mabovu aliomba abakishwe. Akamkumbusha kwamba katika kidaka cha ukutani ndimo alimomfukizia udi ruhani, jini wake, kila Alkhamisi. Nasser alicheka, akaiweka kompyuta kidakani. Hakuona haya hata kidogo.

Ayoub alifungua ubavu wa kasha akalisifu. Lina nafasi tele, nyaya zimefichwa nyuma ya bamba, chujio halina vumbi. Feni za mbele zinavuta hewa baridi, za nyuma na juu zinatoa ya moto. Alisema tatizo ni kidaka, hakipumui, wakalihamishia mezani. Halikupoa. Akatia feni kubwa zaidi. Wapi.

Mwisho alizima umeme, akachomoa nyaya zote, akaweka kiganja mbele ya kasha, na pale ambapo hapakutakiwa kuwa na hewa yoyote akahisi pumzi ya moto, yenye unyevu, ikija na kurudi taratibu, ikija na kurudi, ikimlowesha vidole, na kila ilipokuja ilileta udi.

"Nasser," alinong'ona, "humu mna mtu."

Nasser alipanda darini. Alimkuta mama amelowa jasho, midomo imekauka. Hakumuuliza hali. Alimtaka amtoe jini wake kwenye mashine.

"Sina mamlaka naye," alisema Bi Bahiya kwa sauti ndogo. "Kaudhika kwa ajili yangu. Nrejeshe chumbani kwangu, atanyamaza. Usiponrejesha, atanchukua mwenyewe."

Nasser alijibu kwamba wenye harusi wanaisubiri kazi yao; akimaliza, kesho atamteremsha. Akaufunga mlango.

Chini alimkuta Ayoub amejibanza ukutani. Kasha limepoa, alisema, limepoa ghafla. Nasser aligusa bati lake akafurahi, kisha ule ubaridi ukazidi, ukampanda mkononi hadi begani, ukamwingia kifuani, na harufu ya udi ikaondoka, ikaja ya asumini na mafuta ya nazi, harufu aliyoijua tangu ananyonya, akapanda ngazi mbio huku akijikwaa na kulitaja jina la Mungu.

Mama alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Darini mlikuwa moto kama tanuri, na mwili wake ulikuwa baridi. Nasser alimtikisa. Alilia. Alimwita, "Mama," akamwita tena.

Jibu lilitoka chini, chumbani, ndani ya kasha, kwa sauti ileile ndogo.

"Nipo, mwanangu. Huku kuna baridi."