Nta ya Generosa Iliwaka Bila Kiberiti

Upepo wa Dodoma haubishi hodi. Unaingia na vumbi lake. Ndiyo maana Generosa alipikia krimu yake chumbani, mlango umefungwa. Mtoto wake mchanga, Edina, alikuwa amelala mkekani.

Tangu milango ya biashara ya nje ilipofunguliwa, krimu za kigeni zilijaa madukani. Generosa alitengeneza yake. Aliyeyusha alkoholi ya mafuta, kitu cheupe kama nta.

"Alkoholi?" alicheka mumewe, Bartolomayo. "Na mimi nafuata pombe mpaka kilabuni kwa Dorothea!"

"Onja, basi. Utatafuna mshumaa."

Generosa aliogopa moto. Kwa hiyo aliweka bamba la chuma juu ya mkaa, ndimi za moto zisiguse sufuria. "Moto usipogusa, haiwaki," alisema. Akageuka kupanga makopo.

Sufuria ikafuka moshi. Mara, puu! Ikawaka yenyewe.

Generosa akapiga yowe, akanyakua ndoo ya maji. Jirani yake Emilia akausukuma mlango.

"Usimwage! Maji yatarusha mafuta yanayowaka! Mtoe mtoto!"

Emilia akausogeza mfuniko juu ya sufuria. Moto ukakosa hewa, ukafa.

Nje, Generosa alimkumbatia mtoto kifuani. "Dada, nani kaiwasha? Moto haukuigusa!"

"Joto limeiwasha, mama Edina." Emilia alikuwa amekuja nyumbani likizo. Huko Dar es Salaam alipima usalama wa kemikali. "Kazini tunapasha chupa ya kioo kwenye tanuri. Tunatia humo alkoholi kidogo sana. Hakuna kiberiti, hakuna cheche. Ikiwaka, tunapunguza joto, tunajaribu tena. Mwishowe tunalijua joto dogo kabisa linaloiwasha. Bamba lako limepita hapo."

"Basi niache krimu?"

"Uiache kwa nini? Weka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Maji yakichemka hayafikii joto hilo. Ila yasikauke! Na upikie nje. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua. Usiipe sufuria kisogo."

Bartolomayo hakutania tena. Alijenga ua wa miti na udongo kukinga vumbi. Humo Generosa aliyeyusha nta yake taratibu. Haikufuka moshi. Krimu ilitoka laini, nyeupe.

Emilia alipokuja kuaga, alipewa kopo la kwanza.

"Hili siuzi, dada," alisema Generosa. "Kila ukijipaka, ujue kuna mama anakushukuru."

Mfuniko ule mweusi wameutundika uani, karibu na jiko. Generosa hayasugui masizi yake.